Vali za Mama Barafu

Karakana, 3 Machi

Mwanangu Spana,

Salamu za baba yako zikufikie ukiwa umekula na umelala, maana nakujua, kimoja kati ya hivyo viwili lazima utakuwa umekisahau. Mimi mzima. Goti la kushoto lina maneno yake kila asubuhi, lakini tukishafika karakana linanyamaza. Majirani wananiuliza kwa nini sikupigii simu kama baba wengine. Nawaambia masikio haya yamesikiliza injini miaka mingi mno, na kwenye simu binti yangu anasikika kama nyuki ndani ya kopo. Kwenye karatasi nakusikia vizuri.

Nina swali la kazi. Kuna mjane mmoja mwenye kiwanda cha barafu nyuma ya soko. Watu wanamwita Mama Barafu, na si kwa ajili ya kiwanda tu; wanasema ukichelewa kumrudishia kreti zake, akikutazama unatafuta sweta. Kompresa yake inazungushwa na injini ya lori la marehemu mumewe. Lori lilikwisha, injini ikabaki, akaifunga kwenye zege. Sasa imelegea, inatoa moshi mweusi, na barafu inachelewa kuganda.

Alikuja mwenyewe karakana. Akaniuliza, "Wewe ndiye Fundi Vichwa?"

Nikamwambia ndiye mimi.

"Mbona chako chenyewe kimejaa mvi?"

Nikamwambia mganga hajigangi. Hakucheka, lakini alikaribia.

Nimefungua kichwa cha injini. Kila silinda ina vali nne, mbili za kuingiza hewa na mbili za kutoa moshi. Wewe unajua mimi nimekulia kwenye injini za vali mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, kama nyumba ya mtu mwenye akili timamu. Nikachungulia njia za hewa. Moja imenyooka vizuri. Ya pili imejikunja kama konokono kabla haijafika kwenye vali. Na si silinda moja, zote ziko hivyo. Nimeona ni kosa la kiwandani, waliotengeneza walikuwa na haraka. Jiwe la kusagia nimeshaliweka tayari niinyooshe, ila mkono umesita. Niambie kabla sijaharibu mali ya mwenyewe.

Baba yako


Huku, 19 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, nimekula, na jana nililala mpaka jua likanikuta kitandani. Goti lako nalisalimia kwa heshima zote. Usilibebeshe vichwa vya chuma peke yako, hata kama mikono bado ina nguvu.

Sasa weka hilo jiwe chini. Taratibu. Baba, hiyo njia iliyojikunja si kosa, imekusudiwa. Zile njia mbili za hewa zimegawana kazi. Iliyonyooka inajaza silinda. Iliyojikunja inaizungusha hewa, ishuke ndani ikizunguka kama maji yanapoingia kwenye tundu la sinki, ili dizeli ikipulizwa ichanganyike nayo yote na kuungua yote. Ukiinyoosha, hewa itaingia nyingi lakini imelala, na moshi wako utakuwa mweusi kuliko huo.

Kabla ya lolote, tazama gasketi iliyo kati ya bomba la kugawia hewa na kichwa. Injini kama hizi zina ndugu wa aina nyingi, na gasketi zao zinafanana kwa mbali. Huenda fundi aliyepita aliweka ya ndugu yake.

Umenichekesha kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa mwaka huu. Natengeneza njia za hewa za injini ndogo ya gari la mizigo, vali nne kila silinda. Nachonga umbo, tunalifunga kwenye meza ya kupimia, tunavuta hewa ndani yake. Kipimo kimoja kinasema hewa ngapi imepita. Chini ya vali kuna kigurudumu chepesi kama pangaboi la kitoto, hicho kinaonyesha kama hewa inazunguka. Bosi wangu tumempa jina la Milimita kwa sababu hajawahi kusema "kidogo" au "kiasi." Kichwa changu kikikubaliwa kabla ya katikati ya mwaka, napata likizo ndefu ya kuja nyumbani. Kwa hiyo niombee, na usisage konokono wa watu.

Halafu, huyo mama hakucheka lakini "alikaribia." Umeandika hivyo, sijaongeza neno.

Binti yako,
Spana


Karakana, 8 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako iliponifikia mwezi uliopita niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Afya njema. Goti limesema asante, na halikuwa na mazoea ya kushukuru.

Ilikuwa gasketi. Tundu lake halikulingana na ile njia iliyojikunja, likaiziba zaidi ya nusu, hewa ikawa inapenya ubavuni kama mwizi. Nimekata mpya kwa mkono, nikaipanga tundu kwa tundu. Kabla ya kurudisha kichwa nilimwaga mafuta ya taa kwenye njia zote, nikayaacha tangu asubuhi mpaka jioni kuona kama vali zinavuja. Halikupita hata tone. Tulipowasha, moshi ulitoka mweusi mara mbili hivi, kama mtu anayesafisha koo, kisha ukawa mwepesi hata huuoni. Kompresa ikazunguka. Mama Barafu akasimama pale mlangoni, mikono kiunoni, akasikiliza. Akasema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa ikilia barabarani." Kisha akaingia ofisini na hakutoka kwa muda.

Basi kazi ikaisha. Ila nilirudi wiki iliyofuata kupima nafasi za vali baada ya injini kupata moto, ni kawaida. Nikarudi tena kwa sababu nilihisi kuna kasauti. Halafu chujio la hewa lilihitaji kupigwa vumbi. Jumapili iliyopita nikaona ni busara nifungue kichwa nisage vali kidogo, kwa usalama tu. Jumapili ndiyo siku yake ya kupumzika, lakini alikuja kunifungulia geti, akasema, "Kama fundi ameona hivyo." Akaleta kiti, akakaa palepale akinishikia taa wakati nasaga. Anajua kushika taa, Spana. Hakuielekeza usoni kwangu hata mara moja. Unajua watu wangapi wamenipofusha.

Kwenye chumba cha barafu kuna baridi ya kweli. Mabonge yamepangwa mpaka dari, meupe katikati na angavu pembeni, na ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Anayakata kwa msumeno na hakosei mstari. Amenieleza kwa nini katikati ya bonge kuna weupe: maji yanaganda kutoka nje kwenda ndani, na hewa yote inasukumwa ikakimbilia katikati. Nikamwambia binti yangu naye anahangaika na hewa. Akataka kujua habari zako zote, nikamwambia.

Mashati yangu meupe mawili nimeyapeleka kwa dobi. Karakana imekuwa na vumbi sana siku hizi.

Baba yako


Huku, 24 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima, na mashati yamerudi salama kutoka kwa dobi.

Nimesoma barua yako kama ninavyosoma karatasi za vipimo, na nina maswali machache. Kwanza, vali zisizovujisha mafuta ya taa toka asubuhi mpaka jioni zinasagwa kwa sababu gani? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba vali nzima ukiisaga unaila bure. Pili, hako kasauti hukusema kalikuwa wapi, na wewe hujawahi kuandika kuhusu sauti bila kuitaja ilipo. Tatu, chujio la hewa linapigwa vumbi na mtu yeyote mwenye mikono. Nne, umefanya kazi karakana hiyo tangu sijazaliwa, na vumbi umeliona mwaka huu.

Na yeye je? Mwenye kiwanda, Jumapili yake, anashika taa kwa kazi isiyohitajika, na anajua haihitajiki maana ameilea injini hiyo. Baba, nyie wawili mmefungua kichwa kizima ili mpate kukaa pamoja. Kuna watu wanakunywa chai tu.

Nimecheka mpaka Milimita akaja kuuliza kuna nini. Lakini nilipofika nyumbani kwangu kicheko kilikwisha. Nimemkumbuka mama. Nimekumbuka kiti chake cha upande wa dirishani, na jinsi alivyokukataza kuingia na ovaroli jikoni. Huu ni mwaka wa tatu tangu atutoke na bado nikiota nyumbani namkuta yeye ndiye anayefungua mlango. Sijui nifurahi au ninune, nakueleza tu nilivyo. Ninachoomba ni hiki: usimlete nyumbani kabla sijaja. Nataka niwepo.

Ningekuja mapema, ila kazi imekwama. Nilichonga njia zangu pana zote mbili, nikapata kipimo kikubwa cha hewa kuliko watu wote pale, nikatembea siku nzima kifua mbele. Tulipopima mzunguko, kile kigurudumu kilisimama kama kinasubiri kusalimiwa. Kwenye injini yenyewe ikawa mbaya zaidi: ikienda mbio inavuta vizuri, ikienda polepole inakohoa na kutetemeka. Milimita akachungulia njia zangu kwa tochi, akasema, "Nilikuomba mlango, umejenga ukumbi." Likizo imesogezwa mpaka kichwa kikubaliwe.

Binti yako,
Spana


Huku, 30 Juni

Shikamoo baba,

Nimengoja jibu mwezi wa kwanza, nikasema posta. Sasa ni wa pili unakwisha. Mwenye duka la vipuri jirani yako nilimpigia, akasema upo, unafanya kazi, ila umekuwa mtu wa kuingia na kutoka tu. Kama unaumwa niambie. Kama umekasirika niambie pia, hilo nalo ni ugonjwa.

Mimi mzima. Kichwa bado.

Binti yako


Karakana, 12 Julai

Mwanangu Spana,

Siumwi, na wewe sijawahi kukukasirikia zaidi ya saa moja tangu ulipotumbukiza pete yangu ya ndoa kwenye tangi la dizeli. Nisamehe kimya hiki. Kila nilipokaa kuandika niliona sina habari.

Uliniandikia nisimlete nyumbani kabla hujaja. Sikumleta. Kisha nikaona hata mimi kwenda kwake ni kama kuingilia ombi lako kwa mlango wa nyuma, nikaacha. Sikutoweka tu kama mtu asiye na malezi, nilikwenda kumuaga. Nikamwambia binti yangu ameomba tumngoje, na sijui atakuja lini. Nilidhani atanitazama kwa yale macho ya sweta. Akasema, "Ana haki, nyumba ni ya mama yake pia. Mngoje." Akachonga kipande cha barafu, akakifunga kwenye kitambaa, akasema nikaweke gotini.

Basi ndiyo hivyo. Injini yake inapumua vizuri, nikipita kwa mbali sokoni naisikia. Mimi ndiye ninayekosa pumzi. Nafungua karakana, nafunga, napika chakula cha mtu mmoja ambacho siku zote kinatosha wawili, kwa sababu sijajua kupima. Usiyachukue haya kama lawama. Umeuliza, nami sikukulea kwa kukudanganya.

Habari za kichwa chako nieleze zaidi. Umepunguza upana? Mimi sina la kukufundisha kwenye mambo hayo, lakini napenda kujua.

Baba yako


Huku, 25 Julai

Shikamoo baba yangu mpenzi,

Barua yako niliisomea kazini, nimekaa mbele ya meza ya kupimia, na nikashindwa kupima chochote asubuhi ile. Milimita akaniona. Aliniletea udongo laini ule wa kuchezea watoto, donge zima, akasema, "Acha kuchonga. Leo jaza." Akaondoka. Nadhani ndiyo namna yake ya kumpa mtu pole.

Nikakaa najaza. Njia moja niliibana kwa udongo, sakafu yake nikaipandisha pale inapopinda kuishukia vali, maana hewa yangu ilikuwa inashindwa kukata kona, inaruka na kugonga ukuta wa mbele. Ya pili nikaiacha pana, nikaiwekea kilango kidogo. Injini ikienda polepole, kilango kinafungwa, hewa yote inapita kwenye njia nyembamba kwa kasi. Ikienda mbio, kinafunguka, zote mbili zinajaza. Tukavuta hewa. Kigurudumu kilizunguka mpaka sikuona mapanga yake. Nimepoteza kipimo changu kikubwa cha hewa, cha kujivunia kuliko watu wote, na sijakililia. Sasa tutachonga kwa chuma na kujaribu kwenye injini. Inaweza kukubali, inaweza kukataa. Ikikataa, likizo ni mwakani.

Kwa hiyo baba, usiningoje. Nimefikiri sana kabla ya kuandika hili. Nilipokuomba unisubiri nilikuwa na likizo karibu mkononi. Sasa sina, na sikuwa na haki ya kukuacha umesimama mlangoni kwa sababu ya vali zangu. Mama mwenyewe asingevumilia. Unajua angesemaje akikuona na sufuria ya mtu mmoja: "Huyu mzee mmemwachia nani?" Na angetuuliza mimi na wewe kwa sauti ile ile.

Nenda. Mpeleke nyumbani, mwonyeshe jikoni. Mwambie na mimi nimemsalimu, na kwamba mtu aliyekuambia "mngoje" nilimpenda kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Binti yako,
Spana


Karakana, 9 Agosti

Mwanangu,

Mimi mzima wa afya, mzima kupita kiasi, nitakueleza.

Barua yako ilipofika niliitia mfukoni nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu: muuza samaki na kreti zake, mwenye duka la soda, mama wa mgahawa na ndoo mbili. Mama Barafu alikuwa na msumeno, katikati ya bonge. Nikamwambia, "Binti yangu ameandika." Akasema, "Nini?" Nikarudia. Kompresa inanguruma, yeye hanisikii, na mimi na masikio yangu simsikii. Tukawa tunapigiana kelele kama watu wa kingo mbili za mto, foleni nzima inatutazama.

Akaweka msumeno chini, akaenda akaizima injini.

Spana, injini ile saa za kazi haizimwi. Maji yakishaanza kuganda ukiyakatisha, bonge linatoka na nyufa, haliuziki. Aliizima. Kukawa kimya, maji tu yanadondoka mahali. Akajifuta mikono, akasema, "Soma."

Nikasoma mbele za watu wote hao, ningefanyaje. Nilipofika pale penye mama yako nikaishusha karatasi. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akamalizia mwenyewe, taratibu, mpaka kwenye jina lako. Mama wa mgahawa alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga yake. Mama Barafu akaikunja karatasi, akanirudishia.

"Hayo ni ya binti," akasema. "Wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Yote yakanikimbia. Nikamwambia, "Mama, injini yako haina ubovu. Haina ubovu tangu tulipobadilisha ile gasketi."

"Najua," akasema. "Nimeisikiliza injini hii tangu iko kwenye lori. Nilikuwa nangoja uishiwe vitu vya kufungua."

Watu wakacheka, na mimi nikasimama pale kama nimemwagiwa maji yake. Muuza samaki akasema, "Mama, mjibu mzee wa watu, samaki wangu hawana subira."

"Nimeshamjibu," akasema. "Yeye ndiye masikio yake mabovu." Akanigeukia. "Washa injini, Fundi. Ukimaliza, tutaenda kuliona hilo jiko."

Ikawaka mara moja.

Alikuja jioni ile. Alikaa kiti cha upande wa ukutani, akakiacha cha dirishani, bila kuambiwa. Aliangalia picha ya mama yako kwa muda, akauliza alikuwa akicheka vipi. Nikajaribu kumwigizia, nikashindwa, akacheka yeye. Ameomba mambo mawili: picha ibaki palepale ilipo, na harusi isifanyike bila wewe, hata kama ni mwakani. Nikamwambia wewe umesema tusikungoje. Akasema hilo ulisema wewe, na hili anasema yeye.

Baba yako


Huku, 2 Septemba

Shikamoo baba, na yeye mpe shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi.

Wiki iliyopita tulifunga kichwa kwenye injini. Milimita akaipunguza mwendo mpaka pale ilipokuwa ikikohoa. Haikukohoa. Akaipunguza tena, akaweka glasi ya maji juu ya kifuniko chake, maji yakatulia. Alisimama akaitazama ile glasi, kisha akasema, "Kiasi." Sote tukageuka. Hajawahi kulisema neno hilo.

Kichwa kimekubaliwa. Nina likizo ya wiki sita, nafika tarehe ishirini. Pangeni harusi siku yoyote baada ya hapo, mimi nitapokea wageni mlangoni. Baba, lile shati jeupe la pili usilivae karakana. Na mama, ukimwona ameshika spana karibu na injini yako, mnyang'anye.

Binti yenu,
Spana